SOMO LA WANACHAMA: MZEE, KIJANA NA KALAMU



Katika somo hili tutazungumza juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tunaiogopa kuliko panga na mashine, nayo ni kazi ya kuandika habari iliyotupata. Mfanyakazi akiumia, akikatwa mshahara au akifukuzwa, Afisa wa Kazi humwambia, "Andika maelezo yako." Maelezo ni nini? Ni hadithi ya kweli ya mambo yaliyotokea, inayosomwa na mtu ambaye hakuwapo. Basi yafaa tujue watu wazima wanavyosimulia kwa kalamu. Mzee huandikaje? Kijana huandikaje? Aliyekaa shuleni miaka mingi na yule asiyekaa kabisa wanatofautiana katika lipi, na kila mmoja ana faida gani kwa mwenzake?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba katibu anafundisha asiyoyajua.

1. AJALI YA TELA

Mimi niliacha shule mwaka 1994 baada ya kumaliza darasa la saba, kwa sababu baba hakuwa na karo ya sekondari. Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa tawi katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Jioni moja tela la trekta lililobeba magunia ya majani ya chai na wachumaji sita lilipinduka mteremkoni. Mama mmoja wa miaka 47 alivunjika mguu. Mama huyo hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo nilikwenda hospitali na daftari langu ili nimwandikie.

Mama alianza hivi:

"Katibu, mambo haya hayakuanza jana. Yalianza walipowaondoa wapakuzi. Zamani tela lilikuwa na wapakuzi wake wawili, na sisi tulichuma, tukapima, tukaenda nyumbani kwa miguu. Walipoondolewa, nyapara akawa anatuambia: nyinyi sita pandeni, mkashushe magunia kiwandani. Nani angekataa? Mwenzetu mmoja alikataa, kesho yake hakupewa kipande. Na ile pini ya tela, yule aliifunga kwa waya tangu wiki ya malipo..."

Alisema karibu nusu saa. Aliingiza habari ya mvua, habari ya marehemu mume wake aliyekuwa dereva, habari ya barabara ya zamani. Mwisho akasema, "Mtu akikuambia panda, muulize kwanza nani atakushusha." Mimi nilikuwa na umri wa miaka 33, na nilijiona mtu wa kalamu. Moyoni nikasema, mama huyu anapoteza wakati. Nikaandika hivi:

"Jana saa kumi na mbili jioni nilikuwa juu ya tela. Tela lilipinduka. Nilivunjika mguu wa kulia. Naomba fidia."

Mama akatia dole gumba. Nikaipeleka karatasi nikiwa na furaha, kwa kuwa ilikuwa fupi na safi.

Majibu ya mwajiri yalikuwa mafupi pia. Alisema kazi huisha saa kumi na moja, na kwamba mama alipanda tela kwa shughuli zake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa kazini. Ndugu zangu, hapo ndipo shauri lilipokwama. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inamlinda mtu aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa kazini. Neno lililothibitisha kwamba mama alikuwa kazini lilikuwa lile la nyapara: "Pandeni, mkashushe magunia." Mama alilisema. Mimi nililitupa.

Shahidi wa pili alikuwa kijana wa miaka 22 aliyemaliza kidato cha nne. Yeye aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Alianza na methali, akaeleza mawingu na jua lililokuwa likizama, kisha akaandika, "Ajali hiyo ilisababishwa na ubovu wa barabara pamoja na giza." Nilipomwuliza baadaye kama aliliona shimo barabarani, alijibu kwamba hakuliona, maana alikaa nyuma akiwa ameyapa magunia mgongo. Lakini shuleni walimfundisha kwamba insha nzuri lazima itoe sababu. Akatoa sababu. Mwajiri akaikamata mara moja: "Hata shahidi wenu anasema ni barabara, wala hasemi lolote juu ya gari letu."

Shauri lile lilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Ilibidi turudi kwa wachumaji wote sita, tuwasikilize upya, tuandike upya. Tulipoandika amri ya nyapara na pini iliyofungwa kwa waya, na wengine wakathibitisha, fidia ililipwa. Lakini katika miezi ile mama aliuza mbuzi wake wanne ili apate fedha za matibabu. Mbuzi wale wako juu ya kichwa changu mpaka leo.

2. UMRI UNALETA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba mtu akizeeka hadithi yake huharibika. Husema, "Mzee anazunguka." Hebu tuangalie.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Susan Kemper, alichunguza daftari za kumbukumbu za watu walioandika habari zao tangu ujana hadi uzee. Hii ni njia nzuri ya kupima, kwa sababu mwandishi ni mtu yule yule na elimu yake ni ile ile, kinachobadilika ni miaka yake. Aliona mambo mawili. La kwanza, sentensi zilizidi kuwa nyepesi kadiri mtu alivyozeeka. Sentensi ndefu, yenye jambo ndani ya jambo jingine, humtaka mwandishi ashike mengi kichwani kwa wakati mmoja, na nguvu hiyo hupungua. La pili ni kinyume cha tunavyodhani: hadithi yenyewe ilizidi kujengeka. Mwandishi akawa anaunganisha tukio na tukio lililotangulia. Katika uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 1990, Kemper na wenzake walichunguza hadithi za mdomo za watu wenye umri wa miaka 60 hadi 92, wakaona mambo yanayofanana na hayo: sentensi nyepesi, lakini matukio mengi yaliyofungamana, na mwishoni funzo. Tena hadithi zilizojengwa namna hiyo ndizo zilizopendwa zaidi.

Twaona basi kwamba kijana huanza pale tela lilipopinduka. Mzee huanza pale wapakuzi walipoondolewa. Kijana hutuambia limetokea nini. Mzee hutuambia limetokea kwa sababu ya nini, na lina maana gani. Katika mambo ya kazi, chanzo ndicho kinachotafutwa. Ajali nyingi hazizaliwi siku ile ya ajali.

Lakini mzee naye ana upungufu wake, na si heshima kuuficha. Anawajua watu wote wa habari yake, kwa hiyo husahau kwamba msomaji hawajui. Mama alisema "yule aliifunga kwa waya". Yule ni nani? Dereva? Fundi wa gereji? Nyapara? Kwa mtu aliyekuwapo, "yule" anatosha. Kwa Afisa wa Kazi aliye mjini, "yule" si mtu.

3. ELIMU INALETA NINI?

Sasa tutazame upande wa shule. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa Kirusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan, nchi iliyokuwa wakati ule ndani ya Muungano wa Kisovyeti, akazungumza na wakulima ambao hawakusoma pamoja na wengine waliosoma muda mfupi tu. Aliwaambia kwamba katika nchi za kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Kisha akawatajia mahali fulani kaskazini ya mbali, akawauliza dubu wa huko wana rangi gani. Waliokaa darasani walijibu kwa kufuata maneno aliyowapa: ni weupe. Wengi wa wasiosoma walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na kwamba aulizwe mtu aliyeona kwa macho yake.

Wako waliocheka majibu hayo. Lakini wewe mfanyakazi usicheke haraka. Shuleni, kujibu jambo usiloliona ni akili. Mbele ya Afisa wa Kazi, kujibu jambo usiloliona ni hatari. Kijana wetu wa kidato cha nne aliandika juu ya barabara ambayo hakuiona. Mama asiyesoma hakusema neno ambalo hakuliona au hakulisikia. Katika ushahidi, mama alikuwa mwalimu na kijana alikuwa mwanafunzi.

Je, maana yake shule haina faida? La, sivyo. Shule humpa mtu tarehe, saa, mpango wa kwanza, pili, tatu, na desturi ya kueleza kwa nini anasema anayosema. Tena humzoeza kuandika kwa msomaji ambaye hamwoni. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Lakini je, hilo hupatikana shuleni peke yake?

Jibu tunalipata Afrika Magharibi. Nchini Liberia wako watu waitwao Wavai. Katika miaka ya 1830 mtu wao mmoja, Momolu Duwalu Bukele, alitunga maandishi ya lugha yao. Maandishi hayo hayafundishwi sana shuleni. Mtu hufundishwa na rafiki au ndugu, jioni baada ya kazi, kisha huyatumia kuandika barua na hesabu. Katika miaka ya 1970 Sylvia Scribner na Michael Cole kutoka Marekani walikaa na Wavai wakawapima: wasiojua kuandika, waliojua maandishi ya Kivai, waliosoma Kurani kwa Kiarabu, na waliokwenda shule ya Kiingereza. Matokeo yalitolewa katika kitabu mwaka 1981. Waliosoma shuleni walikuwa hodari zaidi wa kueleza kwa nini walijibu walivyojibu. Lakini lilipokuja jambo la kumweleza mtu aliye mbali namna ya kucheza mchezo asioujua, waliojua maandishi ya Kivai nao walifanya vizuri kuliko wasiojua kuandika. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wazoefu wa kuandika barua. Mwandika barua hujifunza kujiuliza: huyu aliye mbali, ataelewa?

Hilo ndilo funzo kubwa la leo. Anayeandikia watu mara kwa mara hupata desturi ya kumfikiria msomaji asiyekuwapo, awe amesoma shule ndefu au hakusoma. Mchumaji wa chai anaweza kuipata. Mkata miwa anaweza kuipata.

4. TUSICHANGANYE UMRI NA ELIMU

Hapa kwetu Uganda mambo haya mawili huchanganyika kwa urahisi. Elimu ya msingi bila karo, tunayoiita UPE, ilianza mwaka 1997. Wengi waliozaliwa mapema, hasa wasichana wa vijijini, hawakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo katika matawi yetu mara nyingi mwenye umri mkubwa ndiye mwenye shule ndogo, na kijana ndiye mwenye shule kubwa. Mtu akiona karatasi ya mama haina tarehe, husema, "Ni uzee huo." Si uzee. Ni kukosa darasa. Na mtu akiona karatasi ya kijana haina chanzo cha jambo, husema, "Shule za siku hizi hazifundishi." Si shule peke yake. Ni kwamba kijana hajaishi miaka ya kuona jambo likianza, likikua na kuanguka.

Kutofautisha ni muhimu, kwa sababu dawa ni mbalimbali. Kukosa darasa kuna dawa. Serikali ilianzisha masomo ya watu wazima yaliyoitwa FAL mwaka 1992, na yule mama wa tela aliingia darasa la namna hiyo mwaka 2016, akiwa anatembea kwa fimbo. Alipojua kusoma na kuandika, hakuacha kusimulia kama mzee. Bado alianzia mbali, bado alimaliza na funzo. Lakini sasa aliandika jina la mtu mahali pa "yule", na tarehe mahali pa "wiki ya malipo". Alichokosa amekipata, na alichokuwa nacho hakukipoteza.

Tena wengi wetu tunaandika Kiswahili ambacho si lugha tuliyozaliwa nayo. Mashambani mwetu wamo watu wa makabila mengi. Mtu anayesimulia kwa lugha asiyoizoea hukata maneno, si kwa kuwa hana habari, bali kwa kuwa hana maneno. Tusimhesabu kuwa mjinga.

5. NJIA YA KUANDIKA WAWILI

Kwa sababu hizo, tawi letu lilikata shauri kwamba maelezo ya jambo zito hayaandikwi na mtu mmoja. Hukaa wawili, mmoja mwenye umri na mmoja mwenye kalamu, pamoja na mwenye habari. Hatua zetu ni hizi:

Kwanza. Mwache msimulizi aseme yote mpaka mwisho, kwa lugha ya nyumbani kwake. Usimkate. Usiandike bado. Neno unalolitaka huenda liko baada ya habari ya mvua.

Pili. Uliza. Yule ni nani? Siku gani? Saa ngapi? Mahali gani? Nani alitoa amri, na kwa maneno gani? Nani mwingine alisikia?

Tatu. Pambanua mambo matatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, ninayodhani. Ninayodhani yasiingie katika karatasi, au yaandikwe wazi kwamba ni kudhani.

Nne. Andika kwa mpango. Anza na siku ya tukio, kisha urudi kwenye chanzo, kisha umalize na ombi. Sentensi moja ibebe jambo moja. Methali na mawingu tuyaachie mashindano ya insha.

Tano. Taja aliyetenda. Usiandike "pini ilifungwa kwa waya" kama unamjua aliyeifunga. Maneno ya "ilifungwa", "iliamriwa", "ilionekana" huwaficha watu, na mara nyingi anayefichwa si mnyonge.

Sita. Msomee mtu ambaye hakuwapo, kisha yeye akueleze alivyoelewa. Pale anapokosea, karatasi yako ina tundu.

Saba. Msomee mwenye habari neno kwa neno kabla hajatia sahihi au dole gumba. Mtu asitie dole juu ya maneno asiyoyasikia. Baki na nakala.

Haya ndiyo maelezo ya mama tulivyoyaandika mara ya pili, kwa kifupi:

"Siku ya ajali, saa kumi na moja na nusu jioni, baada ya kupima majani, nyapara wetu alituambia sisi wachumaji sita tupande tela twende kushusha magunia kiwandani. Nilimsikia mwenyewe, na wenzangu watano walimsikia. Tulikuwa tukifanya kazi hiyo tangu wapakuzi wawili walipoondolewa. Aliyekataa kupanda hakupewa kipande kesho yake. Pini ya kuungia tela haikuwapo. Nilimwona dereva akifunga kwa waya wiki mbili kabla ya ajali. Saa kumi na mbili, katika mteremko, nilisikia waya ukikatika, tela likaachana na trekta, likapinduka. Nilivunjika mguu wa kulia. Naomba fidia, na naomba matela mengine yakaguliwe."

Ndugu msomaji, linganisha na mistari yangu ile ya kwanza. Hapa yumo mzee, anayejua jambo lilipoanzia. Imo shule, inayotaka saa na hesabu ya watu. Umo ukweli wa yule asiyesema asichokiona. Na lile ombi la mwisho, la matela mengine, ni mama aliyelitaka. Ni lile funzo lake la nani atakushusha, limegeuka kuwa dai kwa faida ya wote.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayetaka kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbovu haki ya kusikilizwa, na ya kwenda kwenye kikao hicho na mtu anayemchagua mwenyewe. Ukiitwa, usiende peke yako. Ukiwa kijana, mchukue mwenye umri. Ukiwa mzee, mchukue mwenye kalamu.

6. MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

(a) Chagueni jambo moja lililotokea kazini mwaka huu. Mtu mmoja mwenye umri mkubwa na kijana mmoja walisimulie kila mmoja peke yake. Ni mambo gani aliyataja mmoja tu?

(b) Katika maelezo ya yule kijana wa kidato cha nne, ni maneno gani yalimsaidia mwajiri? Angeandikaje?

(c) Katika tawi lenu ni wanachama wangapi hutia dole gumba? Nani huwasomea kabla ya kutia? Darasa la watu wazima lililo karibu liko wapi, na wanawake wanaweza kulihudhuria saa ngapi?

(d) Tafuteni karatasi moja ya zamani katika faili la tawi. Ni nani ndani yake anayeitwa "yule"? Je, yupo bado mtu wa kutuambia jina lake?

Swali hili la mwisho msiliahirishe. Aliyeona jambo likianza akiondoka kabla ya kuandikwa, anaondoka na ushahidi wetu.

Umoja ni nguvu.